Yesu Alisali Wapi? Utangulizi wa Mizizi ya Kiyahudi ya Ukristo

Ukikutana na mgeni pale Omurushaka au Nkwenda, mazungumzo hayaendi mbali kabla hujamuuliza, "Unasali wapi?" Atakutajia: kwa Walutheri, kwa Wakatoliki, kwa Waanglikana, kwa Wasabato, kwa Wapentekoste. Jibu hilo fupi linakuambia mengi. Unajua siku yake ya mapumziko, nyimbo anazozijua kwa moyo, pengine hata chakula ambacho hatakigusa ukimkaribisha mezani. Sasa chukua swali hilohilo umuulize Yesu wa Nazareti. Yeye alisali wapi?

Luka anajibu waziwazi katika sura ya 4, mstari wa 16. Yesu aliingia katika sinagogi siku ya Sabato, na Luka anaongeza kwamba ndiyo ilikuwa desturi yake. Sinagogi ni nyumba ya mkutano ya Wayahudi, mahali pa kusoma Maandiko na kusali. Hakuwa mgeni humo wala hakwenda kuchunguza. Alikuwa nyumbani kwake. Alizaliwa Myahudi, akalelewa Kiyahudi, akasali Kiyahudi, akafa Myahudi. Dini tunayoiita Ukristo haikuwepo alipokuwa akitembea Galilaya. Jina lenyewe "Wakristo" lilianza kutumika Antiokia baada yake, kama Matendo 11:26 yanavyoeleza.

Ukishtuka kidogo, usijilaumu. Wengi wetu tumekulia kwenye picha za Yesu zilizotundikwa ukutani bila kuambiwa kwamba mtu yule alikuwa na dini, tena dini yenye watu wake, kalenda yake na mabishano yake. Nimeuandika utangulizi huu kwa ajili yako uliye katekista, mwinjilisti, mwalimu wa dini, mwanakwaya, au msomaji tu wa Karagwe na Kyerwa unayependa kuelewa unachokisoma. Hauhitaji Kiebrania wala Kigiriki. Leta Biblia, penseli na subira.

Tuanze na msingi. Uyahudi ni dini ya watu wa Israeli: wanaamini Mungu mmoja, na wanaamini kwamba Mungu huyo alifunga agano na baba zao. Neno agano tunalisikia kila Jumapili, na pengine kwa sababu hiyo tumeacha kulifikiria. Wazee wa Kagera watakusaidia kuliko kamusi, kwa sababu wanaujua omukago, undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio wa damu moja walichanja ngozi karibu na kitovu, wakachukua punje mbili za buni zilizokaa ndani ya tunda moja, wakazipaka damu, na kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu. Kumnyima mwenzako chakula au kumsaliti lilikuwa jambo la kutisha. Sasa soma Kutoka 24 uone Musa akichukua damu, nusu akiinyunyiza madhabahuni na nusu akiwanyunyizia watu. Ulinganisho huu una mipaka yake, maana omukago ulikuwa wa watu walio sawa, na pale Sinai hapakuwa na usawa wowote. Hata hivyo unatuonyesha jambo ambalo Wakristo wengi hulikosa: undugu unatangulia, masharti yanafuata.

Hapa ndipo linapoingia neno la pili, Torati. Kwa maana finyu, Torati ni vitabu vitano vya Musa, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati. Kwa maana pana ni mafundisho yote ambayo Mungu aliwapa watu wake ili waishi ndani ya agano. Angalia mpangilio wa kitabu cha Kutoka. Waisraeli wanatolewa Misri kwanza; amri zinakuja baadaye, wakiwa tayari wako huru. Kwa hiyo Myahudi hakushika Sheria ili amnunue Mungu. Aliishika kwa sababu alikuwa tayari wa Mungu. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, E. P. Sanders, alitoa kitabu kikubwa kuhusu Paulo na Uyahudi wa Palestina kilichoonyesha jambo hili kutoka katika maandishi ya Wayahudi wenyewe, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mwanazuoni makini kuieleza dini ya Yesu kama dini ya kuhesabu matendo mema ili kujipatia wokovu. Mimbarini, nakiri, habari hizo zinachelewa kufika.

Hata maneno "agano jipya" ni ya Kiyahudi. Aliyeyasema wa kwanza ni nabii Yeremia, katika sura ya 31, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo.

Baada ya msingi huo, tazama maisha ya Yesu tena. Anatahiriwa siku ya nane. Wazazi wake wanakwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na akiwa na miaka kumi na miwili wanampata hekaluni amekaa na walimu, akisikiliza na kuuliza. Msomaji mpya huchanganya hekalu na sinagogi, kwa hiyo tutenganishe hapa. Hekalu lilikuwa moja tu, Yerusalemu, mahali pa makuhani na sadaka za wanyama. Masinagogi yalikuwa mengi, hata katika vijiji, na humo hapakuchinjwa kitu. Palisomwa, palifundishwa, palisaliwa. Yesu alivitumia vyote viwili.

Mwanamke aliyetokwa na damu anapomgusa Yesu kwa nyuma, Luka anasema aligusa pindo la vazi lake. Tumezoea kufikiri ni ukingo wa kanzu tu. Fungua Hesabu 15:38, utakuta Waisraeli wakiamriwa kutia vishada katika ncha za nguo zao ili wakiviona wazikumbuke amri za Mungu. Neno la Kigiriki alilotumia Luka ndilo lililotumika katika tafsiri ya kale ya Kigiriki kwa vishada vile. Kwa maneno mengine, mkono wa yule mama ulishika alama ya Torati kwenye nguo ya Yesu.

Au mchukue yule mwandishi katika Marko 12 anayemuuliza Yesu amri iliyo kuu. Yesu hatungi kitu kipya. Anaanza na Shema, yaani ungamo la imani la Kiyahudi lililo katika Kumbukumbu la Torati 6:4, ambalo Wayahudi huliungama asubuhi na jioni mpaka leo. Kisha anaongeza amri ya kumpenda jirani, ambayo inatoka Mambo ya Walawi 19:18. Na yule mwandishi? Anakubaliana naye kabisa, naye Yesu anamsifu. Katika mahubiri mengi nimewasikia waandishi wanaotajwa katika Injili wakiwekwa kundi moja la maadui, na huyu mmoja anapitwa kama hayumo.

Swali linalofuata huulizwa kila mara: Biblia ya Yesu ilikuwa ipi? Agano Jipya halikuwepo. Barua za Paulo zilianza kuandikwa miaka ya 50, na Injili, kwa makadirio ya wataalamu walio wengi, ziliandikwa kati ya mwaka 65 au 70 na mwisho wa karne ile. Maandiko ya Yesu yalikuwa yale tunayoyaita Agano la Kale. Katika Luka 24:44 mwenyewe anayataja kwa mafungu: Torati ya Musa, manabii na zaburi. Lakini Wayahudi wengi wa nje ya Palestina walisoma Kigiriki, na tafsiri yao, iitwayo Septuaginta, ilianza kutengenezwa Aleksandria katika Misri karne ya tatu kabla ya Kristo. Ilibeba vitabu kadhaa ambavyo orodha ya Kiebrania haina. Hii ndiyo asili ya jambo linalowatatanisha watu wetu: Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73, ya Mlutheri 66.

Nikupe faida ya papo hapo ya kulijua hilo. Yohana 10:22 inasema Yesu alikuwa hekaluni wakati wa sikukuu ya kutabaruku, majira ya baridi. Sikukuu gani hiyo? Mlutheri akilitafuta chimbuko lake katika Agano la Kale alilo nalo hatalipata. Aende akaazime Biblia ya jirani yake Mkatoliki, afungue Wamakabayo wa Kwanza sura ya 4, atasoma jinsi Wayahudi walivyolitakasa hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo baada ya mfalme wa kigeni kulinajisi. Ni sikukuu ambayo Wayahudi wanaiita Hanuka. Katika wilaya ambamo dayosisi ya Kilutheri ya Karagwe, iliyoanza 1979, na jimbo Katoliki la Kayanga, lililoanzishwa 2008, yanahudumia vijiji vilevile, safari ya kuazimana Biblia si ndefu.

Sasa tufike mahali penye ugumu wa kweli: mabishano. Msomaji atasema, "Sawa, lakini Yesu si aligombana na Mafarisayo?" Aligombana nao, ndiyo. Tuulize waligombana kama nani na nani.

Wayahudi wa karne ya kwanza hawakuwa na sauti moja. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 37, anataja makundi yao makuu. Masadukayo walikuwa hasa watu wa tabaka la makuhani wakuu, na hawakuamini ufufuo wa wafu. Waesene waliishi maisha makali ya utakatifu. Wataalamu wengi huwahusisha na magombo ya kale yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mafarisayo walikuwa watu waliotaka utakatifu uingie katika maisha ya kila siku ya mtu wa kawaida: mezani, shambani, nyumbani. Waliamini ufufuo, malaika, na mamlaka ya mapokeo ya wazee pamoja na Torati iliyoandikwa.

Ukiweka mafundisho ya Yesu kando ya makundi haya, utagundua yuko karibu zaidi na hao anaobishana nao. Kuhusu ufufuo, katika Marko 12, anasimama upande wa Mafarisayo dhidi ya Masadukayo. Katika Luka 13:31 ni Mafarisayo wanaokuja kumwonya akimbie kwa sababu Herode anataka kumwua. Katika Mathayo 23, ile sura kali kuliko zote, anaanza kwa kuwaambia watu washike yale wanayofundishwa na Mafarisayo, kisha ndipo anapowashambulia kwa kutotenda wanayoyasema. Watu hawabishani kwa ukali namna ile na mtu ambaye hawana kitu cha pamoja naye. Tazama Walutheri na Wakatoliki wanavyobishana kuhusu Meza ya Bwana, halafu uniambie ni lini uliwaona wakibishana na mtu asiyejali Meza hiyo kabisa.

Mifano ni mingi, na hapa ndipo somo letu linapokuwa tamu. Kuhusu Sabato, Yesu aliuliza kama ni halali kuokoa uhai siku hiyo. Marabi, yaani walimu wa Sheria, nao walifundisha kwamba kuokoa uhai kunaitangulia Sabato. Fundisho hilo limehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa hukumu zao uliokamilika mnamo mwaka 200. Ubishi ulikuwa juu ya mpaka: je, mkono uliopooza, ule alioponya Yesu siku ya Sabato, usingeweza kungoja hadi kesho? Wasimulizi wa Kiyahudi wanaeleza pia habari za Hileli, mwalimu wa kizazi kilichomtangulia Yesu. Mgeni mmoja alimtaka amfundishe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Hileli akamjibu kwamba asimtendee mwenzake lile analolichukia yeye mwenyewe, na mengine yote ni ufafanuzi, aende akajifunze. Kumbuka Mathayo 7:12. Lazima nikuonye kwamba habari hii iliandikwa karne kadhaa baadaye, kwa hiyo hatuwezi kuitumia kana kwamba ni kumbukumbu za kikao. Inatosha kuonyesha hewa waliyoivuta wote wawili.

Mwaka 1973 Geza Vermes, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifundisha Oxford, alichapisha kitabu alichokiita Yesu Myahudi. Jina hilo peke yake lilichokoza. Kwa mwanafunzi wa leo ni jambo la kuanzia tu.

Kama Yesu alikuwa Myahudi na mitume wake wote Wayahudi, ilikuwaje tukawa dini mbili? Jibu fupi ni kwamba ilichukua muda mrefu, na wataalamu wanabishana urefu wake. Baada ya Yesu, Petro na Yohana waliendelea kupanda hekaluni saa ya kusali. Shida ilianza watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipoamini. Je, watahiriwe? Mkutano wa Yerusalemu, unaosimuliwa katika Matendo 15 na kukadiriwa kuwa mnamo mwaka 49, uliamua wasilazimishwe. Uamuzi huo ulifanywa na Wayahudi kwa ajili ya wasio Wayahudi. Hakuna aliyesema kwamba Myahudi aache Torati. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza hekalu. Vikabaki vikundi viwili vyenye nguvu vikisoma Maandiko yaleyale: marabi kwa upande mmoja, wafuasi wa Yesu kwa upande wa pili, ambao sasa wengi wao walikuwa watu wa mataifa. Mnamo mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga Marcion, tajiri mwenye meli aliyetaka Agano la Kale litupwe lote. Kanisa lilikataa. Kila ukisikia Zaburi ikisomwa ibadani, unasikia matokeo ya uamuzi ule.

Kwa jirani yetu Uganda kulikuwa na mtu aliyelirudia swali la Matendo 15 kwa uzito wote. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya nchi ile, alikuwa Mprotestanti aliyeisoma Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896 na ambayo Waprotestanti wa mwanzo wa Bukoba nao waliijua. Alijiunga kwanza na madhehebu ya Wamalaki, kisha akazidi kuona kwamba Maandiko yanadai tohara na Sabato. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Jumuiya aliyoianzisha karibu na Mbale inaitwa Abayudaya, na ipo mpaka leo, baada ya kupita katika marufuku ya Idi Amin. Wengine humcheka Kakungulu. Mimi naona alikuwa msomaji makini kuliko wengi wanaomcheka, maana aliona katika kitabu kitu ambacho wahubiri wake hawakumweleza. Wewe Mkristo hulazimiki kufuata njia yake. Matendo 15 ni jibu la kanisa lako. Na Msabato mwenzetu anayepumzika Jumamosi analo jibu lake ndani ya Ukristo. Ila swali ni la haki.

Kuna hatari mbili, nazo hazina budi kutajwa mlangoni. Ya kwanza ni kuwachukia Wayahudi kwa jina la Yesu. Ukisoma Yohana na kukuta "Wayahudi" wakimpinga Yesu, kumbuka kwamba aliyepingwa, wanafunzi wake na mama yake walikuwa Wayahudi pia; mara nyingi Yohana anamaanisha wakuu wa Yerusalemu. Kusahau hilo kumegharimu damu. Martin Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika kitabu cha matusi dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, wanateolojia wa Kijerumani walifungua taasisi Eisenach ili kuufuta Uyahudi katika Ukristo, huku baadhi yao wakijaribu kuthibitisha kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Wayahudi milioni sita waliuawa katika miaka iliyofuata. Makanisa yalitubu polepole, na watoto wa Kagera walikuwepo. Laurean Kardinali Rugambwa alikuwa askofu wa Bukoba wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa tamko la Nostra Aetate tarehe 28 Oktoba 1965 na kukataa Wayahudi wote wabebeshwe lawama ya kifo cha Yesu. Askofu Josiah Kibira alikuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani lilipokutana Budapest mwaka 1984, mkutano uliopokea tamko la kuyakana maneno yale ya Luther.

Hatari ya pili ni kuifanya mizizi hii kuwa ya damu. Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikaa kwa Mukama Rumanyika hapa Karagwe. Siku moja akafungua Biblia mbele yake na, akianzia kwa Adamu, akamweleza kwamba watawala wa nchi hizi ni tawi la Wahabeshi waliohamia huku. Hiyo ilikuwa dhana yake, haikuwa imeandikwa popote katika kitabu alichokishika. Dhana ya namna hiyo, kwamba baadhi ya Waafrika ni wageni wa damu bora, ilikua ikawa sumu, na wakimbizi waliovuka mto Kagera mwaka 1994 walitoka katika nchi iliyonyweshwa sumu hiyo. Kwa hiyo tunapozungumzia mizizi ya Kiyahudi tunazungumzia Maandiko, sala na imani. Hatutafuti ukoo uliopotea, wala hatuhukumu siasa za taifa la Israeli la leo, ambalo ni somo lingine lenye vitabu vyake.

Sura ya kwanza inaanza Bethlehemu na Yerusalemu, na mtoto wa siku arobaini. Kabla hujaifungua, soma Luka 2:22–24, halafu Mambo ya Walawi sura ya 12 yote, ni mistari minane tu. Weka vidole viwili, kimoja huku kimoja kule. Torati inataja mwana-kondoo, Luka anataja ndege. Kwa nini Yosefu na Mariamu hawakuleta mwana-kondoo? Jibu liko katika mstari wa mwisho wa ile sura ya Walawi. Liandike kwa penseli pembeni mwa Luka, ndipo tuendelee.